Tulingoja mbalamwezi kutoa toleo la 2.0

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma hapa," alisema mama mmoja mchuuzi wa dagaa, akanipa simu yake kabla sijapata hata pa kukaa.

Ilikuwa saa moja asubuhi mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa mwaka 2023. Ujumbe kwenye simu ulisema gari la mzigo wake linapakia usiku huu, saa saba. Ulikuwa umeingia Jumatatu jioni. Mama akatoka kwake Pasiansi na bodaboda usiku wa manane, akawalipa vijana wa kubeba, magunia kumi na mawili ya dagaa yakatolewa stoo na kupangwa kando ya barabara. Gari halikuja. Mwenye gari alikuwa amesema "Jumanne saa saba usiku", na kwake huo ni usiku unaofuata baada ya kutwa ya Jumanne kwisha. Alfajiri mvua ikashuka kutoka ziwani, magunia mawili yakalowa. Dagaa wakishalowa hivyo hawauziki tena kwa chakula cha watu. Anayewachukua ni mtengeneza chakula cha kuku, na bei anayotoa ni ya chakula cha kuku.

Aliniita mimi kwa sababu kijana aliyetengeneza ule mfumo wa ujumbe alimwambia kweli tupu: hesabu ya saa haikuwa yake, aliichukua kwenye maktaba yangu.

Maktaba, kwa wasioandika programu, ni kodi, yaani maagizo ya kompyuta, iliyokwisha kuandikwa ambayo mtu mwingine anaichukua na kuiweka ndani ya kazi yake ili asianze upya. Yangu inafanya jambo moja. Inasoma saa jinsi tunavyoitamka na kuigeuza iwe saa ambayo kompyuta inaielewa. Saa mbili asubuhi inakuwa 08:00, saa tisa alasiri inakuwa 15:00, saa moja na nusu usiku inakuwa 19:30. Niliiandika mwaka 2021 nikiwa nimepanga chumba Nyegezi, nikaitoa kwa leseni ya MIT ili yeyote aitumie bila malipo, nikaipandisha PyPI, ghala ambalo watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, huchukulia maktaba. Kuongeza au kupunguza saa sita si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye tarehe.

Chukua maneno yaleyale ya mwenye gari. Saa saba usiku ni 01:00, na kompyuta hubadilisha siku ikifika 00:00. Toleo langu la kwanza lilichukua Jumanne, likaibandikia 01:00, likamaliza. Sasa hiyo ni saa moja tu baada ya Jumatatu kwisha, yaani usiku ambao watu wa hapa wanauita usiku wa Jumatatu. Kwa mchuuzi wa Kirumba siku haiishi mpaka alale na aamke. Kompyuta ilikuwa sahihi kwa kalenda yake, na magunia yakalowa.

Nilirudi nyumbani siku ile nikidhani dawa ni ndogo: sogeza siku moja mbele. Nikaandika pendekezo kwenye GitHub, mtandao ninakotunzia kodi yangu hadharani, nikaliacha wazi wiki mbili wachangiaji walione. Dada mmoja wa Mombasa, ambaye amekuwa nami tangu miezi ya mwanzo, akanijibu kwa urefu. Kwao wazee wanahesabu siku kuanzia jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Jumanne ni ule uliotangulia kutwa ya Jumanne. Bibi yake akisema usiku wa Ijumaa, ana maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Marekebisho yangu yangemponya mama wa Kirumba na kumpoteza bibi wa Mombasa, na wote wawili wanasema Kiswahili safi.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Jibu lilikuja nikisikiliza taarifa ya habari: ajali imetokea "usiku wa kuamkia Jumatano". Hakuna wa Bukoba wala wa Lamu atakayechanganyikiwa akisikia hivyo. Lugha ilishatengeneza njia zamani, na nilichotakiwa kufanya ni kuifuata. Basi toleo la pili halitabahatisha. Ukiipa saa ya kati ya usiku wa manane na alfajiri pamoja na jina la siku, bila neno "kuamkia", maktaba itasimama na kukuambia uchague: usiku unaotangulia siku hiyo, au unaoifuata.

Uamuzi huo ulimaanisha kuvunja kodi za watu. Kwa utaratibu wa namba za matoleo ambao wengi wetu tunaufuata, kuna namba tatu. Ya mwisho inapanda ukirekebisha hitilafu, ya kati inapanda ukiongeza kitu bila kugusa cha zamani, na ya kwanza inapanda pale tu kitu ambacho watu walikitegemea kimebadilika. Kutoka 1.8 kwenda 2.0 ni kutamka hadharani kwamba neno nililokupa sitalishika tena kama lilivyokuwa. Sioni sababu ya kulitamka kwa vigelegele peke yake.

Watu wa Python tunalo funzo kubwa la jambo hili nyumbani kwetu. Python 3.0 ilitoka tarehe 3 Desemba 2008 ikiwa imeachana kwa makusudi na mambo mengi ya Python 2. Waliopanga walijua ni safari ndefu, wakatoa hata chombo cha kugeuza kodi ya zamani. Hata hivyo Python 2.7, iliyotoka mwaka 2010, ilibidi iendelee kutunzwa. Mwisho wake ulikuwa umepangwa 2015, ukasogezwa, na ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Miaka 11. Sababu moja kubwa ni kwamba mtu hakuweza kuhama mpaka maktaba zote anazozitegemea zihame kwanza, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Maktaba yangu ni kitu kidogo sana mbele ya hayo, lakini mnyororo ni uleule. Kijana wa mfumo wa dagaa ananitegemea mimi, mama anamtegemea kijana, na mwenye gari anamtegemea mama awe na mzigo tayari.

Kwa hiyo nilianza na toleo la 1.9, ambalo lilikuwa na kazi moja tu: kuonya. Kila mara mtu akiita saa ya usiku yenye utata, maktaba ifanye kama zamani lakini itoe onyo kwamba toleo la 2.0 litakataa. Nikalitoa Januari 2024, nikakaa kusubiri maswali. Mwezi mzima, kimya. Nikaamini watu wameshajirekebisha.

Hakuna aliyekuwa amejirekebisha. Nilipokwenda kukaa na kijana wa mfumo wa dagaa kwenye kibanda chake karibu na Makoroboi, alifungua kompyuta akaendesha mfumo mbele yangu, na onyo halikuonekana hata kidogo. Nilikuwa nimetumia aina ya onyo iitwayo `DeprecationWarning`, na Python huificha aina hiyo kwa kawaida, isipokuwa pale inapotokea ndani ya faili linaloendeshwa moja kwa moja. Ndani ya maktaba inayoitwa na maktaba nyingine, haionekani kabisa. Ipo nyingine, `FutureWarning`, iliyokusudiwa watumiaji wa mwisho, na hiyo huonyeshwa. Nilibadilisha neno hilo moja, nikatoa 1.9.1, na ndani ya siku tatu nikapata maswali mengi kuliko niliyopata mwaka mzima uliotangulia. Mwezi wa onyo ulikuwa umepotea bure. Ndiyo maana leo mtu akiniambia "tuliwaonya watumiaji", ninamuuliza: ulikaa pembeni ya mmoja wao ukaona onyo likitokea kwenye kioo chake?

Kukaa pembeni ya mtu ndiko kulikonifundisha na jambo la pili. GitHub inaonyesha miradi ya wazi inayokutumia, na yangu ilionyesha michache, mingi ikiwa ya wanafunzi. PyPI nayo ina hesabu za upakuaji, lakini namba zile zinachanganya watu na mitambo inayopakua kila usiku, huwezi kujua nyuma ya namba kuna nani. Watu ambao wangeumia kweli hawakuonekana popote. Mfumo wa dagaa ulikuwa kodi ya faragha. Vivyo hivyo mfumo mmoja wa tiketi za mabasi, na mabasi ya Mwanza ndiyo hasa yanayoondoka saa zile zenye utata, saa kumi, saa kumi na moja, watu wakiwa stendi gizani na mabegi. Niliwapata kwa kuuliza mdomo kwa mdomo. Nilituma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi wa programu wa Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, bila kutangaza chochote kipya. Niliuliza tu: kuna anayetumia maktaba ya saa? Nataka kukupigia simu kabla sijabadilisha kitu. Waliojibu walikuwa 14. Niliwapigia wote, mmoja mmoja, jioni baada ya jioni, na daftari pembeni.

Ninaamini hapo ndipo kutangaza toleo kunapoanza, kwa wale ambao tayari wako nawe. Mgeni hana cha kupoteza ukichelewa kumwambia. Aliyejenga juu ya kodi yako anacho.

Simu zile zilibadilisha hata tangazo lenyewe. Nilikuwa nimeandika rasimu nzuri machoni pangu: maktaba sasa inasoma hata "saa nane kasorobo", inaelewa "kesho kutwa" na "mtondo", ina kasi zaidi, nyaraka zimeandikwa upya. Nikamsomea kaka mmoja wa Musoma anayetunza mfumo wa zahanati binafsi. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa. Sasa mimi Jumatatu asubuhi nifanye nini?" Nikarudia kuisoma rasimu yote na sikuona jibu. Lilikuwa kwenye ukurasa mwingine, aya ya nne.

Nilifuta yote. Tangazo lililotoka lilianza hivi: "Kama mfumo wako unapokea saa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri pamoja na jina la siku, toleo la 2.0 litasimamisha kodi yako. Kama hauko tayari, andika `<2` kwenye orodha ya mahitaji yako leo. Toleo la 1.9 litaendelea kurekebishwa hitilafu kwa miezi 12." Baada ya hapo ukaja mfano mmoja, kodi ya zamani juu na kodi mpya chini. Sifa za toleo zilifuata, fupi. Ile alama ya `<2` ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu watu wengi huandika jina la maktaba bila kikomo, na siku toleo jipya likipanda, kila usakinishaji mpya unalichukua hilohilo bila mtu kuamua. Kati ya wale 14 niliowapigia, walioweka kikomo walikuwa watatu tu.

Tarehe niliyoipanga ilikuwa Jumatatu, 13 Mei 2024. Mwanzo wa wiki, ili kukitokea tatizo tuwe na siku tano za kazi mbele yetu. Ijumaa sitoi kitu. Nikaenda Kirumba kumweleza mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha safari hii, na nilitaka asikie kwangu kwamba mfumo wa kijana utabadilishwa wiki hiyo.

Alikuwa anageuza dagaa juani, na hakusimama. "Tarehe kumi na tatu ni giza," alisema. "Mitumbwi yote iko majini. Ukiharibu siku hiyo umetuharibia wote. Ngoja mbalamwezi."

Mimi nimekulia kando ya ziwa hili na bado halikunijia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta wadudu na dagaa kuja juu, wavu unawazoa. Usiku wa giza unazitazama zile taa kutoka mlimani Capripoint ukadhani kuna mji mwingine katikati ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti kitu, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanakwenda nyumbani. Mwaloni panapoa. Kwa mfumo wa dagaa, hizo ndizo siku ambazo hakuna gari la saa saba usiku.

Nikafungua kalenda pale pale. Mwezi ulikuwa unakamilika Alhamisi, tarehe 23 Mei. Niliwaandikia wale 14 kwamba tumesogeza siku kumi. Wawili walilalamika kidogo, wa Nairobi akauliza sababu, nikamweleza, akasema hajawahi kusikia toleo la programu likipangwa kwa mwezi.

Tukaendelea na toleo la majaribio, 2.0rc1, ambalo `pip`, chombo cha kusakinishia maktaba za Python, haimpi mtu mpaka alitake kwa jina au kwa `--pre`. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku zilizofuata kurasa zilifunguka kwa kuvizia. Kama tungeshikilia Jumatatu, ningekuwa nimesukuma toleo linalovunja kodi za watu kisha nikashindwa kuwajibu. Sikuwa na ujuzi wowote wa mambo ya baharini, tulinusurika kwa neno la mama. Lakini toka hapo kila mpango wangu wa toleo una mstari unaosema: nani atatoa jibu kama mimi sina mtandao? Dada wa Mombasa sasa ana funguo za kupandisha PyPI, na mchangiaji mmoja wa Dodoma pia.

Tarehe 23 nilipandisha 2.0.0 saa nne asubuhi. Saa nne na dakika ishirini simu ikaita, ni kijana wa Makoroboi. Maktaba inasakinishwa vizuri, lakini ukiiita inasema faili la maneno halipo.

Mikono ilinitetemeka. Maneno yote, asubuhi, alasiri, kasorobo, kuamkia, yako kwenye faili moja la data, na nilipopanga upya folda kati ya majaribio na toleo kamili, faili lile likabaki nje ya kifurushi. Majaribio yangu yote 300 na zaidi yalipita kwa sababu nilikuwa nayaendesha ndani ya folda ya mradi, ambako faili lipo. Hakuna hata jaribio moja lililosakinisha kifurushi mahali pengine kama mgeni na kukiita. Na PyPI hairuhusu upandishe tena faili lenye jina lilelile hata ukilifuta, kwa hiyo 2.0.0 haikuweza kurekebishwa, ilibidi iachwe nyuma. Niliitia alama ya kuondolewa, ambayo inaifanya `pip` iiruke isipokuwa kwa aliyeiandika namba yake hasa. Nikarudisha faili, nikasakinisha kwenye mazingira matupu, nikaiita, ikajibu, nikapandisha 2.0.1. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Kisha nikafanya jambo ambalo nusura nisilifanye kwa aibu: niliwaandikia wale 14 kabla hawajauliza. Nikasema kilichotokea, kwa muda gani, na namba ipi watumie. Kaka wa Musoma alijibu kwa neno moja, "Nimekupata." Usiku ule nilikwenda kukaa juu ya mawe kando ya maji, karibu na Jiwe la Bismarck. Mwezi ulikuwa mweupe kote ziwani na hakukuwa na taa hata moja ya mtumbwi. Kama kosa lile lingetokea usiku wa giza, ningekuwa nalitazama kwa macho, taa kwa taa.

Kijana alihamia 2.0.1 kwa siku mbili, na sehemu kubwa ya hizo aliitumia kumuuliza kila mwenye gari swali ambalo hajawahi kuwauliza: ukisema Jumanne saa saba usiku, ni kuamkia lini? Wote walijibu bila kufikiri, na wote walijibu sawa. Sasa mfumo wake unaandika neno lenyewe. Mwezi ulipopungua na mitumbwi ikarudi majini, mama alinitumia picha ya ujumbe wa kwanza: "Gari lako linapakia usiku wa kuamkia Jumatano, saa 7." Chini yake akaongeza sauti fupi, upepo mwingi, vijana wakihesabu magunia nyuma yake, yeye akisema gari hili hapa.

Wiki iliyofuata swali jipya likaingia kutoka Ukerewe. Mtu mmoja anatengeneza ratiba za boti, na anataka kujua kwa nini maktaba inaita saa kumi "usiku" wakati nahodha wake na abiria wote wanaiita alfajiri. Nimeshampigia. Dada wa Mombasa anasema wao wanaiita alfajiri pia, ila inapoanza inategemea adhana. Nimelifungulia pendekezo la toleo la 2.1, liko wazi, na majibu kumi na moja mpaka sasa hayajakubaliana.